Baraka: Kabla ya kununua kadi ya picha ya okazio, uliza kwanza kazi yako na jua lako

Mjini Baraka, katika teritware ya Fizi, kijana mmoja mwenye studio ya picha na video alibakiwa na siku 9 tu za kumaliza kazi ya familia moja. Ni familia iliyokimbia vita kutoka vijiji vya milimani. Mzee wao alifariki wakiwa hapa Baraka, na watoto wake wametawanyika: wengine wapo hapa, wengine wako kambini Nyarugusu upande wa Tanzania, wengine walipelekwa Marekani. Waliobaki walichanga makuta ili mazishi na matanga vichukuliwe video, kisha iunganishwe, itiwe kwenye flashi na ipande boti hadi Kigoma kabla ya siku ya kumaliza matanga kule kambini.

Kwa kijana huyo haikuwa kazi kama zingine. Yeye mwenyewe ni mkimbizi wa ndani. Alipokimbia aliacha albamu ya familia ndani ya nyumba, na leo hana picha hata moja ya baba yake. Ndiyo maana alipoombwa kazi ile alipunguza bei bila kuombwa.

Shida ilikuwa kompyuta. Anatumia mashine ya ofisini, ya okazio, iliyoletwa mjini ikiwa imekwisha kutumika miaka mingi kwingine. Kwa barua, risiti na picha za pasipoti inatosha. Lakini video ya dakika 50 iliyochukuliwa kwa simu 3 tofauti iliishinda. Kila usiku aliwasha kazi ya kutoa video baada ya wateja kuondoka, na kila usiku betri ya sola iliisha kabla kazi haijafika mwisho. Ikifika saa 8 usiku, konvertisa inalia, kompyuta inazimika, na asubuhi anaanza tena kutoka sifuri. Usiku wa tatu hakulala. Alikaa akitazama ule mstari wa asilimia, ukafika 61, giza likaingia.

Fundi wa kompyuta karibu na soko alimwambia wazi: “Mdogo wangu, mashine yako inafanya yote kwa kichwa kimoja. Itafutie kadi ya picha.”

Kadi ya picha ni kipande kinachochomekwa ndani ya kompyuta ili kazi ya picha na video ifanywe kando, na kichakataji kikuu kipumzike. Kichakataji cha kijana kina msaada wake mdogo wa video, na fundi alikuwa ameshauwasha. Lakini ni cha zamani. Simu za sasa zinarekodi kwa muundo mpya unaobana video iwe ndogo, unaoitwa HEVC au H.265, na kichakataji kile hakiujui. Kinalazimika kuufungua kwa nguvu, kidogo kidogo.

Ndipo likaja swali ambalo vijana wengi wa studio wanaliuliza siku hizi. Mfanyabiashara mmoja anayeleta vitu kutoka Dar es Salaam kwa njia ya Kigoma alimtumia picha za kadi kadhaa za okazio, na sauti ya WhatsApp. Alisifu moja kuliko zote, RTX 2060: “Chukua hii, kaka. Hii ina rei tresingi. Zingine ni za kizamani.” Bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya kadi ya chini kabisa kwenye orodha.

Kijana alitaka hiyo ya juu. Pesa zilikuwa za kikundi cha akiba cha mama yake mdogo, anayeuza ndagala sokoni. Zamu yake ya kupokea ilikuwa imefika, na alikuwa amepanga kununua manjanja ya kuezeka chumba wanamolala watoto. Alikubali kumkopesha kijana, lakini aliuliza swali moja: “Mwanangu, hiyo miale wanayosema, itafanya video ya matanga itoke mapema?”

Kijana hakuwa na jibu. Alirudi kwa fundi kulitafuta.

Rei tresingi maana yake ni kufuata miale ya mwanga. Mtu wa Baraka anaweza kuielewa kwa kutazama ziwa usiku, wavuvi wa ndagala wanapowasha taa zao. Mwanga unatoka kwenye taa, unagonga maji, unaruka hadi kwenye ubao wa boti, unamulika uso wa mvuvi, na mwingine unafika kwenye jicho la aliyesimama ufukweni. Kompyuta inayofanya rei tresingi inahesabu safari hiyo, tena kwa kurudi nyuma: inaanzia kwenye jicho na kufuata mwale hadi ugonge kitu, kisha hadi kwenye taa. Hivyo vivuli na vioo vinatokea kama vilivyo. Njia ya siku nyingi ni nyingine. Kompyuta inachora maumbo haraka na kuyapaka mwanga wa kukadiria, kama mchoraji anayejua kivuli kinakaa wapi bila kuwasha taa.

Wazo lenyewe si jipya. Mtaalamu wa Marekani, Turner Whitted, aliandika mwaka 1980 jinsi ya kufuata miale inayoruka na kupenya. Kwa miaka mingi hesabu hizo zilikuwa nzito mno, zikatumika kwenye filamu, ambamo picha moja inaweza kusubiriwa saa nzima. Mwaka 2018 kampuni ya NVIDIA ilitoa kadi za GeForce RTX zenye sehemu maalumu za kuhesabu miale papo hapo mchezo unapochezwa. AMD ilifuata mwaka 2020 kwa kadi za Radeon RX 6000. Tangu hapo neno hilo likawa sifa ya dukani, na sasa linasafiri na kadi za okazio hadi huku kwetu.

Fundi alimjibu hivi: “Wewe unachora dunia ya uongo ndani ya kompyuta, au unakata na kuunga video za watu wa kweli?”

Jibu lilikuwa rahisi. Mwanga wa mazishi yale ulikwisha kuwekwa na Mungu siku ile ile, na simu zikaunasa. Hakuna mwale wa kuhesabu tena. Kukata video, kuweka jina la marehemu, kusawazisha rangi, kupandisha sauti ya mchungaji: yote hayo hayagusi sehemu za rei tresingi. Zinakaa tu ndani ya kadi bila kazi, na mnunuzi amezilipia.

Kinachohitajika kwa studio ni vitu vingine. Cha kwanza ni sehemu ya kadi inayofungua na kubana video, ambayo NVIDIA wanaiita NVENC kwa upande wa kubana. Hiyo ndiyo inayofanya kazi ya usiku kucha iishe kwa muda mfupi, na ikibana kwa H.265, faili linakuwa dogo na megabaiti za kutuma zinapungua. Cha pili ni kumbukumbu ya kadi yenyewe: GB 4 ni mwanzo, na 6 au 8 ni nafuu zaidi kwa video kubwa. Cha tatu ni umeme, na hapo ndipo wengi wa Fizi wanapoumia.

Kwenye orodha ya mfanyabiashara kulikuwa na mfano unaofundisha. Kadi ya Radeon RX 6500 XT, iliyotoka Januari 2022, ina rei tresingi. Mtu akisikia jina na mwaka wake atadhani imeshinda. Lakini kadi hiyo haina kabisa sehemu ya kubana video. Mwenye studio akiinunua, kazi ya kutoa video inarudi kule kule kwenye kichakataji cha zamani. Tena inatumia njia 4 tu za kuzungumza na kompyuta, na ndani ya mashine ya zamani inapungua nguvu zaidi. Kadi hiyo ina miale, lakini mshine hauna kamba ya kuvutia samaki.

Kwa upande mwingine ipo GTX 1650, ya mwaka 2019. Haina sehemu za miale. Ina GB 4, inafungua video za H.265 na kuzibana, na inatumia wati 75.

Hiyo namba 75 ilimfanya fundi afungue kompyuta ya kijana na kumwonyesha ndani. Tundu linalochomekwa kadi linaweza kutoa wati 75, si zaidi. Kadi inayotaka zaidi ya hapo inahitaji waya wake wa ziada, wenye pini 6 au 8, kutoka kwenye kisanduku cha umeme cha kompyuta. RTX 2060 inatumia wati 160. GTX 1660 Super, ambayo nayo haina miale na ni nzuri sana kwa video, inatumia 125. Mashine nyingi za ofisini zilizoletwa huku zina kisanduku kisichofika wati 300, na waya huo hazina. Mtu ananunua kadi, inafika kwa boti, anaifungua kwa furaha, kisha anagundua hakuna pa kuichomeka. Nyingine ni kompyuta nyembamba, na kadi ndefu haiingii. Kabla ya kutuma pesa, fungua kompyuta yako, pima nafasi, soma namba iliyoandikwa kwenye kisanduku cha umeme, uipige picha na umtumie fundi.

Baada ya hapo inakuja hesabu ya betri. Mjini Baraka, kama Fizi kati na vijiji vya kando ya ziwa, wengi wanategemea sola na jenereta. Betri ya volti 12 na ampea-saa 200 ina karibu wati-saa 2400 kwa maandishi. Betri ya asidi haifai kumalizwa zaidi ya nusu kama unataka ikae, hivyo bakia 1200. Konvertisa nayo inakula sehemu yake. Tuseme zimebaki 1000. Kompyuta inayovuta wati 150 wakati wa kazi itafanya kazi saa 6 na zaidi kidogo. Ile inayovuta 300 itafika saa 3 tu. Mwenye kadi kubwa anaweza kweli kumaliza mapema, lakini akiwa na kazi za mchana na taa za usiku kwenye betri hiyo moja, atanunua kadi leo na betri kesho.

Mama mdogo aliposikia hesabu hiyo alicheka, akasema: “Kumbe miale unayoihitaji ni ile ya jua.”

Lakini si haki kusema rei tresingi haina faida kwa mtu yeyote. Jirani wa studio ile ni binti anayejifunza kuchora nyumba kwa programu ya Blender, ili mteja aone sebule yake kabla tofali la kwanza halijachomwa. Blender ni ya bure, na chombo chake cha kutoa picha, Cycles, kinafanya kazi kwa kufuata miale. Kwa binti huyo, kadi ya RTX inafupisha muda wa kungoja picha moja kwa kiasi kikubwa, na fedha ya ziada ina maana. Vilevile, ipo michezo mipya ya kompyuta isiyofunguka kabisa bila kadi yenye rei tresingi, kama Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 na Doom: The Dark Ages ya Mei 2025. Mwenye ukumbi wa michezo anayefikiria kompyuta ajue hivyo. Hata hivyo RTX 2060 ni ya kizazi cha kwanza. Ukiwasha miale ndani ya mchezo mzito, picha zinaanza kukwama, na wachezaji wengi wanaizima.

Kuna jambo lingine linalochanganya watu. Kadi zenye miale mara nyingi ni mpya zaidi, na upya wenyewe una faida yake. Kadi za GTX 10, kwa mfano GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, bado zinauzwa kwa wingi. NVIDIA ilisimamisha programu mpya za kadi hizo Oktoba 2025, na imebakiza marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2028. Kwa hiyo kuongeza pesa kidogo na kupata GTX 1650 ni busara. Na kama mtu atakutana na RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka Februari 2024, aichukue ikiwa bei inafika mfukoni: inatumia wati 70, haihitaji waya wa ziada, na sehemu yake ya kubana video ni bora. Ni kadi ya miale, lakini sababu ya kuichukua si miale. Angalia tu isichanganywe na RTX 3050 ya GB 8, ambayo inafika wati 130. Kijana aliulizia hiyo ya GB 6. Haikuwepo.

Aliagiza GTX 1650.

Kadi ya kwanza iliyofika ilikuwa mbovu, na hapo napo pana somo. Fundi alikuwa amesisitiza kwamba pesa yote isilipwe kabla ya kujaribu. Waliichomeka, wakafungua programu ndogo ya GPU-Z inayosoma kadi na kusema ni ya aina gani. Programu hiyo inafaa kwa sababu kuna kadi za zamani zinazobadilishwa jina ndani yake na kuuzwa kama mpya, na mara nyingi GPU-Z inazitambua na kuandika kwamba ni bandia. Kadi ile ilikuwa halisi. Kisha wakaitwisha kazi nzito kwa dakika 30, wakitazama joto. Dakika ya 12 vidoa vya kijani vikatokea kwenye kioo kama mvua. Fundi akaizima.

Hakuna ajuaye kadi ile ilipita wapi. Lakini watu wajue kwamba miaka kadhaa kadi nyingi duniani zilitumika mchana na usiku kuchimba sarafu ya Ethereum kwenye intaneti, hadi mfumo wake ulipobadilishwa Septemba 2022 na kazi hiyo ikaisha. Nyingi ziliuzwa kama okazio. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu. Inayochoka kwanza ni feni na dawa ya kupitisha joto, na fundi anaweza kuvibadilisha. Vidoa kwenye kioo ni habari nyingine. Kadi ya namna hiyo rudisha, usikubali kuambiwa “itazoea”.

Mfanyabiashara hakuwa mtu mbaya. Alikubali kubadilisha, ila boti lilikuwa na siku zake, na ziwa lilichafuka siku 2. Kadi ya pili iliwasili siku ya 8 mchana. Ilipojaribiwa dakika 30 haikutoa doa, na joto halikupita nyuzi 74.

Siku ile ile jioni, kijana alianza kutoa video ya mzee. Mama mdogo alikuja na kiti chake akakaa mlangoni. Anasema hakuja kutazama kompyuta, alikuja kutazama pesa yake. Mstari ulipita asilimia 61 bila kusimama. Dakika 50 za video zilitoka chini ya saa moja, na betri ilikuwa bado ina nguvu ya kuwasha taa hadi asubuhi.

Pesa iliyobaki, ambayo ingemezwa na ile kadi ya juu, haikutosha manjanja yote. Ilitosha nusu. Nusu nyingine kijana anailipa kidogo kidogo kutokana na kazi za harusi, na mama mdogo anaandika kila malipo kwenye daftari la kikundi, bila kumsamehe hata faranga moja.

Kwa vijana wengine waliokimbia na wanaotaka kuanza upya kwa kamera na kompyuta, fundi anawaomba wajiulize maswali haya kwa mpangilio wake. Kazi yangu ni ipi? Kompyuta yangu ina nafasi na waya gani? Jua langu linanipa saa ngapi? Kadi inafungua na kubana video za simu za sasa? Itajaribiwa wapi kabla sijalipa? Mtu akishajibu hayo matano, swali la rei tresingi mara nyingi linakuwa limejijibu. Na kama bado anaitaka kwa sababu anachora nyumba au anapenda michezo ile, basi ainunue akijua analipia nini.

Asubuhi ya siku ya 9, flashi 2 zilifungwa ndani ya mfuko wa plastiki, zikatiwa kwenye kopo la maziwa ya unga, zikakabidhiwa kwa mwanamke aliyekuwa anavuka kwenda Kigoma. Nakala ya tatu ilibaki Baraka kwa mjane. Hana simu ya kuitazamia, kwa hiyo kila Jumapili baada ya ibada anapita studio, na kijana anamwekea ile sehemu ambayo wajukuu wanaimba kando ya kaburi. Hamtozi kitu.